Kanisa Chini ya Ngome

Sisi watu wa Kongo tunasema "boloko". Mtu akiiba baiskeli, anapelekwa boloko, na kila mtoto wa Kalemie anajua maana yake. Lakini ukifungua Biblia ya Kiswahili utakutana na neno lingine, "gereza". Petro alitiwa gerezani. Paulo na Sila waliimba gerezani. Je, umeisha kujiuliza neno hilo lilitoka wapi? Si neno la Kibantu, na si la Kiarabu. Wataalamu wa lugha wanasema lilitoka kwa Wareno, ambao nyumba ya ibada wanaiita "igreja". Maana yake ni kanisa. Ndiyo, umesoma vizuri. Neno letu la mahali pa kufungia watu lilikuwa kwanza neno la kanisa.

Namna gani kanisa liligeuka kuwa boloko? Jibu liko ndani ya udongo wa Unguja, chini ya ngome moja ya zamani, na watu wamelichimba kwa majembe madogo na burashi. Twende pamoja tukalitazame. Njia ni ndefu kidogo, lakini ni njia ambayo babu zetu wengi waliipita kwa miguu, na wengi wao hawakuipita kwa kupenda.

Kutoka Kalemie unavuka ziwa mpaka Kigoma. Ujiji ni pale jirani tu, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kigoma unapanda treni, na reli ile inakwenda kilomita 1250 hivi mpaka Dar es Salaam, ikipita Tabora, Dodoma na Morogoro. Wadachi walioijenga waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa walifuata njia iliyokuwapo tayari, ile njia ya misafara. Pembe za ndovu zilitoka huku kwetu, zikavuka ziwa toka Mtoa mpaka Ujiji, zikapanda Tabora, zikashuka Bagamoyo, zikaingia katika jahazi kwenda Unguja. Waliobeba pembe, wengine walikuwa wapagazi wa mshahara. Wengine walikuwa wamefungwa shingoni. Hata Kiswahili chetu kiliingia kwanza kwa njia hiyo hiyo, mbele ya shule na mbele ya migodi ya Katanga kukieneza. Ukiwa ndani ya treni, ukichoka kukaa siku mbili juu ya kiti, fikiri juu ya wale waliotumia miezi mitatu na mzigo kichwani. Mgongo wako utapona upesi.

Dar es Salaam unachukua meli ya kwenda Unguja, saa mbili hivi. Hata kabla hujashuka unaiona mbele yako: kuta ndefu za rangi ya udongo, juu zimekatwa-katwa kama meno, na minara ya duara kwenye pembe. Hiyo ndiyo Ngome Kongwe. Kushoto kwake ni Beit al-Ajaib, jumba kubwa ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na ambalo sehemu yake moja kubwa ilianguka siku ya Noeli mwaka 2020. Mbele yake ni bustani ya Forodhani, ambapo jioni watu wanachoma pweza na mishikaki na kukamua maji ya miwa. (Sisi wa ndakala na mikebuka hatuna sababu ya kuogopa pweza. Onja.)

Wenyeji wengi watakuambia ngome ni ya Waarabu, na hawasemi uongo. Wareno walifika pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1490, wakalazimisha miji ya Waswahili kulipa kodi, wakakaa karibu miaka mia mbili. Mwaka 1593 walianza kujenga Fort Jesus kule Mombasa. Tuseme wazi: waliipa ngome ya mizinga jina la Yesu. Kisha Waarabu wa Omani wakaja kuwasaidia Waswahili kuwafukuza, wakaizingira Fort Jesus toka mwaka 1696, na mwezi wa Desemba 1698 ikaanguka. Baada ya hapo Waomani walijenga ngome yao Unguja, ili Wareno wakirudi wakute mlango umefungwa. Hiyo ndiyo ngome unayoiona leo.

Lakini Waomani hawakujenga juu ya kiwanja kitupu. Mwaka 1984 Mark Horton na Catherine Clark, wanaakiolojia kutoka Uingereza, walikuwa wanapima na kuandika mabaki ya zamani ya visiwa vya Zanzibar, wakachimba pia ndani ya uwanja wa Ngome Kongwe. Mwaka 2017 Horton alirudi pamoja na Tim Power na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Zayed cha Emirati, wakachimba zaidi. Chini ya ngome walikuta msingi wa kanisa la Wareno. Waomani hata hawakulibomoa lote: ukuta wake mmoja waliuingiza katika ukuta wa ngome, kama fundi anayekuta jiwe zuri na kulitumia tena. Na chini ya kanisa walikuta mambo mengine, ya zamani zaidi sana: mabaki ya kijiji cha Waswahili, yanayorudi nyuma mpaka karne ya 11. Yaani miaka mia nne na zaidi mbele ya Mreno wa kwanza kutia mguu pale, watu walikuwa wanavua, wanapika na kufanya biashara mahali hapo.

Hapo ninataka tusimame kidogo, sababu vijana wengi wananiuliza: "Pasta, wanajuaje? Kigae cha chungu kinaweza kusema mwaka?" Ni ulizo zuri, na watoto wa migodi wanapashwa kulielewa haraka kuliko wengine. Baba yako akishuka shimoni anasoma udongo. Anajua huu mwekundu ni wa juu, huu wa majivu uko chini yake, hapa mkanda wa madini umepita, hapa mtu mwingine alisha kuchimba na kujaza tena, maana udongo umechanganyika na haushikani. Mwanaakiolojia anafanya kazi ile ile, ila yeye hatafuti shaba wala kasiterite. Anatafuta mpangilio. Kilicho chini kiliwekwa kwanza, kilicho juu kilikuja baadaye, isipokuwa pale mtu alipochimba choo au kaburi na kuvuruga. Kwa hiyo hafukui kwa haraka. Anaondoa udongo tabaka kwa tabaka, na kila tabaka anaipa namba, anaichora, anaweka vitu vyake katika mfuko wake.

Vitu vyenyewe ni vya kudharaulika: mifupa ya samaki, makaa ya jiko, shanga, vigae. Makaa yanapelekwa laboratwari, na kwa kupima kaboni iliyobaki ndani yake wanajua mti ule ulikufa karibu mwaka gani. Vigae navyo vina ukoo wao. Wamama wa pwani walifinyanga vyungu kwa mitindo iliyobadilika kila baada ya vizazi, na vyombo vya kung'aa viliingia kwa meli toka Uajemi, Uhindi na China. Chombo cha China kinajulikana kilitengenezwa wakati gani, maana Wachina wenyewe waliandika mambo yao. Ukikikuta sakafuni, basi sakafu ile haiwezi kuwa ya zamani kuliko chombo kile. Ni hesabu tu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unaonekana hata umebomolewa, sababu waliochukua mawe waliacha mfereji mahali pa msingi. Hata nguzo ya mti, ikioza, inaacha duara jeusi katika udongo, na mtu mwenye macho anaona: hapa palikuwa na nyumba ya miti.

Kazi ya namna hii inafanyika hata katika miji mikubwa ya dunia. Kule London, katikati ya maofisi ya benki, njia ya Fenchurch Street, wachimbaji walikuta ngome ya Warumi chini ya nyumba za leo. Warumi walikuwa wamejenga mji pale, na mwaka 60 au 61 malkia mmoja wa wenyeji, Boudica, aliwaasi akauchoma moto wote. Karibu mwaka 63 askari wa Roma walirudi wakajenga ngome ya haraka juu ya majivu, na boma la udongo na miti lenye urefu wa mita 3 hivi, na mitaro miwili nje yake. Hakuna kitabu cha Warumi kilichoitaja ngome ile. Udongo peke yake ndio uliitunza habari, karibu miaka 2000, chini ya miguu ya watu wanaokimbilia kazini. Warumi hao ni wale wale wa Biblia yetu. Kusoma Matendo 21 utakuta Paulo anakokotwa na askari kupelekwa ngomeni Yerusalemu, na ni juu ya ngazi za ngome ile ndipo aliomba ruhusa ya kusema na watu.

Turudi Unguja. Sasa unaweza kuona namna neno lilivyogeuka. Kanisa la Wareno lilikuwa pamoja na askari wao. Mwenyeji hakuona tofauti kubwa kati ya padri na mzinga, maana vyote viwili vilishuka katika merikebu moja, vikakaa mahali pamoja. Jengo lote, na kuta zake, aliliita kwa jina lililosikika ndani yake. Wareno walipoondoka, jina lilibaki juu ya ngome. Kilwa Kisiwani pia, ngome ya pale inaitwa Gereza mpaka leo. Halafu ngome za zamani zikawa mahali pa kufungia watu: ya Unguja ilitumiwa hivyo, na Fort Jesus ilikuwa boloko ya serikali ya Waingereza toka mwaka 1895 mpaka 1958. Basi jina likahama mara ya pili, toka ngome mpaka kifungo. Watu walioongoza neno hili hawakukusudia kulitukana kanisa. Walisema tu walichokiona.

Mpenzi msomaji, usipite hapo haraka. Kuna Wakristo wanaochukia habari kama hizi. Wanasema zinawapa maadui silaha. Mimi ninaona kinyume. Miaka 200 ni wakati mrefu wa kuhubiri, na wale Wareno walijenga makanisa Unguja, Mombasa na pahali pengine. Walipofukuzwa, kulibaki nini? Mawe katika ukuta wa ngome ya watu wengine, na neno moja. Hawakuacha watu wanaoendelea kusali. Anayependa kujua kwa sababu gani kazi ya injili pwani ilianza upya karibu toka sifuri katika karne ya 19, aanze kusoma pale, katika shimo lile, kabla ya kusoma vitabu vya misioni.

Ngome yenyewe leo haitishi mtu. Wakati wa ukoloni ilikuwa karakana ya reli ndogo ya Bububu, kisha wanawake wakacheza tenisi ndani yake. Katika miaka ya 1990 walijenga ngazi za duara za kukaa watu, na siku hizi ni mahali pa muziki na filamu. Wauza picha wamejaa kwenye kivuli cha kuta. Wengi wanapita juu ya kanisa bila kujua, na sioni vibaya. Mahali palipofungiwa watu, kusikia ngoma si jambo la kulia.

Ukitoka ngomeni, usirudi bandarini kwanza. Tembea dakika kumi na tano katika vichochoro mpaka Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 na soko likafungwa. Mwaka ule ule misioni ya Kianglikana ilianza kujenga kanisa kuu juu ya kiwanja kile, na Askofu Edward Steere alisimamia kazi. Ni yeye pia aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Hapa nasi tunahusika. Wale waliosimamishwa pale na kutazamwa meno kama mbuzi, wengine walikuwa watu wa ng'ambo yetu: Watabwa, Waholoholo, Waluba, Wamanyema. Hapana mtu aliyeandika majina yao. Unguja waliitwa kwa jina la kabila au la njia waliyotokea, kisha wakawa Waswahili, na wajukuu wao wako pale leo, wanauza samaki Forodhani na hawajui Lukuga iko wapi.

Ninajua ulizo lako linalofuata: na sisi Kalemie, chini ya mji wetu kuna nini?

Jibu la kwanza litakushangaza. Chini ya mtaa wa bondeni kuna ziwa. Mwaka 1874 Cameron alifika kwenye kinywa cha Lukuga akakuta mafunjo na matope yameziba. Stanley alifika mwaka 1876, mambo yakawa karibu yale yale. Ziwa lilikuwa linajaa na halina pa kutokea. Karibu mwaka 1878 kizuizi kilipasuka, maji yakakimbilia Lualaba kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka mita 10 hivi. Kwa hiyo pahali pa chini karibu na maji, ambapo leo pana maduka na nyumba, palikuwa ziwani wakati babu wa babu yako alikuwa kijana. Ukichimba fosse pale na kukuta konokono za majini na mchanga mweupe, usifikiri ni ajabu. Na ziwa halijasahau njia yake: mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda yakaingia katika nyumba za watu. Kwa hiyo anayetafuta mabaki ya zamani atazame vilimani, si bondeni.

Ngome nazo zilikuwako. Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapiteni Jacques, aliyetumwa na shirika la Wabelgiji la kupinga utumwa, alijenga boma kwenye upande wetu wa ziwa akaliita Albertville, jina ambalo mji wetu uliitwa kabla ya kuitwa Kalemie. Mwaka 1892 watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, walijenga boma lao karibu, na watu wa Jacques wakazingirwa humo. Maboma hayo yalikuwa ya miti na udongo. Mvua ya miaka 130 inamaliza miti na udongo, ila lile duara jeusi la nguzo halimalizi. Ndiyo sababu ninawaomba wajenzi wetu wa leo, na wale wachimba visima: mkikuta kigae, risasi ya zamani, shanga, msirushe upande. Andikeni pahali na urefu wa shimo, mpeleke kwa mwalimu wa historia. Kitu kikiondolewa pahali pake bila kuandika, kinakuwa bubu. Mtoto anaweza kukiuza kwa mtalii, lakini mnunuzi atakuwa amenunua kigae tu. Habari yake imebaki shimoni.

Na kuna Mpala. Iko kusini yetu, kwenye njia ya maji ya kwenda Moba, pale mto Lufuko unapoingia ziwani. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms wa Shirika la Kimataifa la Afrika, lile la Mfalme Leopold, alijenga pale ngome ya kuta nene, baada ya kuchanjana na mfalme Mpala kama ndugu wa damu. Mwezi wa Desemba 1884 aliwatuma watu wake kwa Lusinga, mtawala wa Watabwa aliyekuwa na nguvu na aliyeuza watu. Walimwua, wakamletea Storms kichwa chake, naye alikichukua mpaka Ubelgiji pamoja na sanamu ya ukoo wa Lusinga. Mwaka 1885 ngome ya Mpala ilitolewa kwa Mapadri Weupe, ikawa misioni. Basi huko Unguja kanisa lilimezwa na ngome, na huku kwetu ngome ilimezwa na kanisa. Kutoka eneo hilo hilo alitokea Stefano Kaoze, aliyekuwa padri wa kwanza Mkongomani mwaka 1917. Ni wa ndugu zetu Wakatoliki, lakini mtoto wa ziwa ni mtoto wa ziwa.

Sanamu ya Storms ilisimama miaka mingi katika bustani moja ya Bruseli. Mwaka 2022 waliiondoa. Kichwa cha Lusinga kiliwekwa katika mikusanyo ya Taasisi ya Sayansi ya Viumbe ya Ubelgiji, na ile sanamu ya ukoo wake iko katika jumba la Tervuren. Wazee wa Watabwa wanaweza kukuonyesha mlima ambako kijiji chake kilikuwa. Ukishuka Mpala, uliza.